Ndevu za Abdalla

Kwanza nunueni gambuti zenu wenyewe. Zile za ofisi zimevaliwa na watu kumi kabla yenu, na zote huvuja mguu wa kushoto, sijui kwa nini. Pili, kisu cha ukaguzi kitawakata vidole mwaka wa kwanza, na mtu akiwaambia hajawahi kujikata, mjue huyo alikuwa karani. Mimi nilikagua nyama miaka thelathini na moja: Kianyaga, Kiriaini, Karatina kidogo, na mwisho Nyeri, katika kichinjio kidogo upande wa Gatitu ambacho siku hizi ni ghala la mbao. Juzi mlipokuja nyumbani, ninyi wanafunzi watatu wa ukaguzi, mkaniomba niwaandikie mambo yasiyo vitabuni, nilicheka. Mlipoondoka nikakumbuka kuna moja ambalo sijawahi kumwandikia mtu. Nitalifikia. Nikianza nalo nitaweka kalamu chini.

Watu hudhani kazi yetu ni kupiga mhuri. Mhuri ni mwisho wa kazi. Kazi huanza ng'ombe akiwa hai. Unamtembeza uani, unatazama masikio, pua kama ina unyevu, manyoya, anavyopumua, anavyokanyaga. Aliyenifundisha hayo ni Mzee Muriuki wa Kianyaga, mkaguzi mwenye tumbo kubwa na maneno machache. Alikuwa akisema, "Ng'ombe hawezi kukudanganya. Anayekudanganya ni mwenye ng'ombe." Wiki yangu ya tatu nilimkataa fahali mmoja aliyekuwa akichechemea. Nikaandika ugonjwa wa kwato, tena kwa herufi kubwa. Muriuki akauinua ule mguu, akachomoa msumari wa mabati, akaniwekea kiganjani. "Ugonjwa wako ndio huu," akasema. "Peleka maabara." Wachunaji wa ngozi walinicheka mpaka mwaka ukaisha, na wengine walinipa jina la Msumari.

Baada ya pale nikawa na macho. Nasema hivi bila aibu, kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu ndiyo yaliyoniponza. Kule Kiriaini kulikuwa na mwenye bucha aliyechonga mhuri wake kwa kiazi. Alitafuta wino wa zambarau, akachonga vizuri kabisa, akawa anauza nyama ambayo sikuwahi kuiona. Nilimshika kwa sababu mhuri wake ulikuwa unapungua. Jumatatu ulikuwa na ukubwa wa mhuri wangu, Ijumaa ulikuwa kama wa mtoto. Kiazi kilikuwa kinakauka. Nilipomwambia, aliapa kwa mama yake, halafu akaniuliza kama kiazi kitamu kingefaa zaidi. Habari hiyo ilinitangulia kila nilikohamishiwa, na watu wakawa wanasema Macharia haoni ng'ombe tu, anaona mpaka nia. Mtu akiambiwa hivyo miaka ishirini, huanza kuamini.

Nilipofika Nyeri ndipo nikakutana na Abdalla Wachira.

Mnajua, au kama hamjui mtajua hivi karibuni, kwamba katika vichinjio vyetu vya huku mlimani anayeshika kisu cha shingo ni Mwislamu. Sisi wengine tunachuna, tunapasua, tunaosha, tunakagua, tunabeba. Lakini kuchinja kwenyewe anaachiwa yeye, ili nyama iliwe na kila mtu na mwenye bucha asipoteze mteja. Kwa hiyo nyama yote ya Nyeri, ya harusi, ya mahari, ya Krismasi, ya kuchangia kanisa, ilipita mkononi mwa mtu aliyesema Bismillahi kabla ya kukata. Hakuna aliyeona ajabu. Tulimwachia koo la kila mnyama tuliyemla, na jioni mtu yule yule akitafuta chumba cha kupanga nje ya Majengo, mtaa wa Waislamu, anaambiwa kimeshachukuliwa.

Wenye bucha walimwita Mwarabu. Alikuwa mweusi kuliko wao wote. Babu yake alisilimu zamani, na Abdalla alizaliwa hapo hapo Majengo ya Nyeri. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni, wa kutoka Murang'a. Kikuyu chake kilikuwa na methali ambazo mimi nilizisikia kwa nyanya yangu tu, na Kiswahili chake kilinyooka hata nikawa namtania kwamba anaongea kama redio. Naye aliniita Daktari, kama wote wanavyowaita wakaguzi, lakini yeye alilisema kwa kunicheka kidogo.

Nilimpenda kwa kazi yake. Kisu alikifunga katika kitambaa cheupe, akakinoa nyuma ya ukuta ili ng'ombe asikione, akakijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Mnyama mmoja hakuruhusiwa kumwona mwenzake akichinjwa. Alikata mara moja tu. Miaka kumi na miwili nilizitazama shingo zile na sikuona mkato wa pili. Wachunaji wakitaka kuanza kabla mnyama hajatulia, aliwazuia kwa mkono. "Haraka ya nini?" aliwaambia. "Hata wewe siku yako utataka uachiwe dakika." Tukimaliza, tulikaa kwenye ngazi za ofisi yangu tukanywa chai ya maziwa kwa mkate, na hakuna mtu Nyeri niliyezungumza naye zaidi, ukimtoa mke wangu Nyambura.

Halafu akabadilika. Hili nalieleza kama nilivyoliona wakati ule, ili mwone jinsi mtu anavyoweza kuona kila kitu na asione chochote.

Alianza kufuga ndevu. Abdalla aliyekuwa akija kazini kidevu kikiwa laini kama sahani, akawa na ndevu za kuchafuka chafuka, zenye mvi. Akaacha kunywa chai nasi, akawa anasema amefunga, au ameshakunywa nyumbani. Mikono akawa anaitia mfukoni mwa koti. Kila Alhamisi akaniomba ruhusa aende Isiolo, na nilipomuuliza kwa mzaha kama ameoa mke wa pili alitabasamu tu. Na shingo zikaanza kuwa na mkato wa pili. Si nyingi, moja leo, moja wiki ijayo. Nikaandika kwenye daftari langu: "Mchinjaji ana haraka." Nilijiambia mawazo yake hayako kazini. Sikujiuliza yako wapi.

Ndipo likatokea lile shambulio Nairobi. Sitalieleza, mmesikia ya kutosha, na wengine wenu mna jamaa waliofiwa. Siku tatu runinga haikuzimwa nyumbani kwangu. Watu walioonyeshwa walikuwa na ndevu. Kanisani tulilia. Machinjioni wenye bucha walisimama vikundi vikundi, na Abdalla alipopita walinyamaza. Ndiritu, mwenye bucha hapo Gatitu, mtu mwenye sauti ya mnada, alisema akijua anasikika, "Na sisi tumempatia huyu kisu kila siku. Sisi ni wajinga aje?"

Abdalla alisimama. Akasema kwa Kikuyu kwamba naye ana mtu wa ukoo wake aliyelazwa hospitalini kule Nairobi, ameumizwa katika shambulio hilo hilo. Nami nilikuwa pale na mhuri mkononi, nikajifanya natafuta wino.

Kesho yake akaja afande mmoja, kijana wa kutoka magharibi ya nchi, mpole, amevaa kiraia. Aliketi ofisini kwangu akauliza habari za familia. Kisha akasema, "Mzee, si lazima ikuwe kitu kubwa. Mtu amebadilika, mtu ameanza safari safari. Hapa wanasema wewe ndiyo uko na macho."

Naapa, vijana, ni hilo neno la mwisho lililonifungua mdomo. Kama angenitisha ningenyamaza.

"Kuna mmoja amefuga ndevu," nikasema. "Na kila Alhamisi anaenda Isiolo. Hata chai hanywi na sisi siku hizi. Sijui anaendea nini huko."

"Ni nani?"

"Ni yule wa kuchinja."

Akaandika. Maneno machache hayo, hayakujaza hata nusu ya ukurasa. Alinishukuru, akaniambia jina langu halitatajwa, na nilirudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi.

Walimchukua asubuhi ya Jumamosi, kazi ikiwa imepamba moto, ng'ombe wanane kwenye kulabu. Alikuwa ameshika kisu. Walimpigia kelele akitupe, akakiweka chini polepole juu ya kitambaa chake, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Ndiritu akasema, "Muone vile anatetemeka. Mtu hana makosa anatetemeka?" Nami nilifikiri hivyo hivyo. Mimi, niliyeweza kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa jinsi anavyoinamisha sikio.

Alikaa ndani siku kumi na moja, huku na Nairobi. Wenye bucha walimweka mchunaji mmoja achinje, Mkristo mwenzetu, mtu mzuri, lakini alichinja kama anayepasua kuni. Hoteli mbili zikakataa nyama, shule moja ikakataa. Siku ya sita Ndiritu yule yule alikuja kwangu kulalamika. "Daktari, hii maneno ya Mwarabu itaisha lini? Biashara inakufa." Hakuuliza kama mtu yuko hai. Nami sikuwa na ubavu wa kumsema, maana nilikuwa sijauliza pia.

Nyambura ndiye aliyeuliza. Nilimwambia nilichomwambia afande. Aliacha kupepeta maharagwe. "Na wewe ulikuwa unakaa na yeye kila siku," akasema. "Si ungemuuliza tu anaenda Isiolo kufanya nini? Hiyo ingekuchukua dakika ngapi?"

Nikachukua ungo wake nikapepeta yale maharagwe mwenyewe.

Walimwachilia bila shtaka lolote. Hawakupata kitu kwa sababu hakukuwa na kitu. Lakini wenye kichinjio walikuwa wameshamleta mchinjaji mwingine kutoka Isiolo, na kwa Abdalla wakasema mambo yatulie kwanza. Hayakutulia. Binti yake Zuhura alikuwa akifundisha chekechea. Wazazi walianza kuhamisha watoto, mmoja mmoja, kwa adabu sana, kila mmoja na kisingizio chake, mpaka mwenye shule akamwambia abaki nyumbani. Hakuna aliyelitaja jina la baba yake.

Nilikwenda Majengo kumwona na kilo tatu za nyama. Mnajua sisi, tukikosa la kusema tunabeba nyama. Zuhura alitupa chai. Abdalla alikishika kikombe kwa mikono miwili, na bado chai ilimwagika kwenye kisahani, ikamwagika kwenye kanzu, na kikombe kikagonga meno yake. Akakiweka chini. Akanionyesha mkono wake wa kulia, ukiruka ruka wenyewe juu ya goti kama kitu kisicho chake.

"Mwaka na nusu sasa," akasema. "Nilianza kushindwa na wembe. Nikijinyoa najikata, nikaona bora niziache zimee. Chai nayo nikaona haya kuinywa mbele yenu. Nikajua kisu nacho hakina muda. Mchinjaji wa mkono wa hivi anamtesa mnyama, ni dhambi. Nikawa naenda Isiolo kutafuta mtu mzima, mwenye dini na mkono mzuri, nimfundishe taratibu zetu kabla sijaacha, msije mkakwama. Huyu waliyemleta sasa ni mimi niliyempata."

Nilikaa pale. Kila kitu nilichokuwa nimekiona kilikuwa pale mbele yangu: ndevu, chai, mifuko ya koti, Alhamisi, mkato wa pili. Ningeletewa ng'ombe mwenye dalili hizo ningesema ni mishipa ya fahamu kabla hajafika langoni.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Wewe ni mkaguzi. Ungelazimika kunisimamisha siku hiyo hiyo." Kisha akanitazama sana. "Lakini mimi nilijua umeshaona, Daktari. Na macho yako yale! Nikasema, ameona, ananisitiri. Mungu akulipe."

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Wote wawili walikuwa wakinitazama, na zamu ya kusema ilikuwa yangu. Nikasema, "Amina." Nikamaliza chai yangu, nikaaga.

Nimefanya makosa mengi. Kule Karatina niliwahi kupitisha ini lenye minyoo kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kumwona mtoto aliyezaliwa. Nimemwonea mwenye mbuzi mmoja wa Kianyaga kwa sababu sikupenda kofia yake. Lakini hayo nikiyakumbuka hucheka au hukunja uso, basi. Ile "Amina" nikiikumbuka husimama, hata kama nilikuwa nakula.

Nilifanya kazi miaka mingine mitatu. Mchinjaji mpya alikuwa hodari, na alifanya kila jambo kama Abdalla, hata kunoa nyuma ya ukuta. Sikuweza kuketi naye kwenye ngazi. Wiki niliyostaafu, walinipa blanketi na hotuba. Mkubwa mmoja akasimulia habari ya kiazi, watu wakacheka, akasema macho kama ya Macharia hayatapatikana tena. Nilitoka pale na blanketi langu kwapani, nikashuka moja kwa moja mpaka Majengo. Nilihofia nikipita nyumbani nitabadili nia.

Abdalla alikuwa kibarazani, juani. Alikuwa amekonda, na kichwa nacho kilikuwa kimeanza kutikisika. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kama mtoto wa shule. "Abdalla, ni mimi niliyemwambia afande."

"Najua," akasema.

Nikaketi.

"Walinisomea. Amefuga ndevu, kila Alhamisi anaenda Isiolo, hanywi chai na sisi. Nani mwingine alijua Alhamisi zangu, Daktari? Ruhusa nilikuwa naiomba kwako."

"Ulijua siku ile niliyokuja? Na ukanishukuru?"

"Nilitaka kukufungulia mlango. Nikasema, nikimwambia nadhani alinisitiri, atashindwa kukubali shukrani isiyo yake. Atasema." Akatazama mikono yake. "Ukasema Amina."

Nililia, vijana. Mwanamume wa miaka sitini, blanketi la kustaafu magotini, nikalia mbele ya majirani zake. Hakunigusa, hakuniambia nyamaza. Aliningoja nimalize, kama alivyokuwa akimngoja mnyama atulie. Nikamwomba msamaha.

"Nilikusamehe kitambo," akasema. "Nisingeweza kulala miaka mitatu na hilo. Lakini leo umekuja kumwambia asiyehitaji kuambiwa. Mimi nilijua. Waliosimama machinjioni Jumamosi ile ndio hawajui. Wao bado wananikwepa njiani. Mwanangu bado anakaa nyumbani. Wewe wanakuamini, Daktari. Ulipowaambia nyama hii haifai, hawakuila. Basi nenda ukawaambie ulikosea."

Hilo ndilo ambalo halimo vitabuni. Nimewapa habari za gambuti, msumari na mhuri wa kiazi, na mengine mtayapata kwa kukata vidole. Mkiona dalili, hata kwa mtu, msimpe jina kabla ya kuinua mguu na kutazama. Na mkishindwa kutazama, muulizeni. Mimi niliogopa kumuuliza rafiki yangu swali moja, lakini sikuogopa kumtaja kwa polisi.

Imenichukua miezi kuanza, kwa maana kila bucha niliyoiendea nilinunua nyama nikatoka bila kusema. Nyambura alichoka kupika nyama. Mwishowe, Jumamosi iliyopita, niliingia kwa Ndiritu. Duka lilikuwa limejaa. Nikasema kwa sauti kwamba Abdalla Wachira alishikwa kwa sababu yangu, kwamba alikuwa mgonjwa wa mkono, kwamba Isiolo alikuwa akitutafutia mchinjaji, na kwamba yote mengine niliyatunga kwa kumtazama kidevu.

Ndiritu aliacha kukata. Aliyesema ni kijana mmoja kwenye foleni, wa umri wenu, amevaa kofia ya timu ya mpira, ambaye Abdalla hamjui hata kwa sura.

"Lakini guka," akasema, akiniita babu kwa Kikuyu, bila ubaya wowote, "hata mimi nimesikia hiyo story ya huyo mzee. Na si wanasema ati lisemwalo lipo?"

"Lilikuwepo," nikamwambia. "Lilikuwepo mdomoni mwangu. Kwake halikuwepo."